Keria ya Shomari

Siku ile kwenye kilima cha Kiroka tulikuwepo hawa. Mimi, Mwanaidi binti Kibwana, fundi baiskeli wa Bigwa, ambaye sasa nimeacha kazi kwa sababu magoti yamekataa kuchuchumaa. Masanja Kasanda, fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo ni mtani wetu sisi Waluguru na ana ruhusa ya kunitukana bila kunikosea. Hadija, binti wa mama yangu mdogo. Shomari Kobelo, mume wa Hadija, yaani shemeji yangu, na ndiye aliyekuwa kwenye mashindano. Deo wa bodaboda, mpangaji wa Masanja, aliyetubeba mimi na Hadija kutupandisha kule. Na Elia, kijana wa filimbi, msimamizi wa mashindano, ambaye hakuwa na undugu na mtu yeyote pale, ndiyo maana alikuwa anafuata sheria.

Nawataja kwanza kwa sababu nyie mafundi mnaokaa kibandani pangu sasa mnasimuliwa habari ile na watu ambao siku hiyo walikuwa wamelala kwao. Mmeniomba niandike mambo ya kazi. Nitaandika, lakini nikianza na spana nitaishia kwa Shomari, maana kila nilichojifunza kilikwenda kutumika siku ile.

Kazi nilipewa na mjomba Mloka, kaka wa mama. Shule niliishia darasa la nne, mama alipougua nikabaki kumhudumia, na alipopata nafuu mjomba akasema mtoto huyu aje kwangu. Kwetu Uluguru mali inafuata upande wa mama. Mjomba alikuwa na watoto wake wa kiume, tena wenye nguvu, lakini spana zake zilikuwa zinamsubiri mtoto wa dada yake. Msiwahurumie wale. Nao walikuwa na wajomba zao, na mmoja alirithi shamba la migomba ambalo mpaka leo linamlisha.

Siku ya kwanza hakunishikisha kitu. Aliigeuza baiskeli ya mtu magurudumu juu, akalizungusha la nyuma, akaniambia nifumbe macho.

"Unasikia nini?"

Nikamwambia nasikia gurudumu.

"Hujasikia. Rudia."

Nilirudia mpaka adhuhuri, nikala, nikarudia. Wateja wanapita wanatazama mtoto amefumba macho mbele ya baiskeli, wanadhani mjomba ananiombea. Kwenye alasiri ndiyo nikasikia, kidogo sana, ti, halafu kimya, halafu ti. Spoku moja ilikuwa imelegea. Mjomba hakunisifu. Alinipa ufunguo wa spoku, akasema baiskeli haivunjiki bila kusema, ila wengi wetu tunaongea kuliko yenyewe. Nyie mnaofungulia redio kibandani asubuhi mpaka jioni, neno hilo nawaachia.

Mteja wangu wa kwanza aliitwa Mzee Tengo. Alikuja na pancha, akaniona, akamwambia mjomba ampe fundi mwingine. Mjomba alikuwa anakula ugali. Akajibu kwamba fundi mwingine ni yeye, na yeye anakula. Akaendelea kula, tena taratibu, akamalizia na maji, akaanza kuchokoa meno. Mzee Tengo akanipa baiskeli. Nikaitoa tyubu, nikaizamisha kwenye karai, nikaona mapovu, nikapiga msasa, nikapaka solusheni. Hapo ndipo wengi wenu mnaharibu: mnabandika kiraka solusheni ikiwa bado mbichi. Isubiri ikauke mpaka ukiigusa isikushike kidole. Mzee Tengo aliendelea kuja kwangu mpaka alipokufa, na kila akija alikuwa anaomba apewe fundi mwingine, lakini sasa kwa kunitania.

Kibanda chetu kiko pale barabara ya kutoka Kiroka inapomaliza kuteremka, kwa hiyo wateja wetu walikuwa wabebaji. Hao mnawajua. Wanashuka alfajiri na ndizi, machungwa, mafenesi, baiskeli haionekani chini ya mzigo, unaona mkungu unatembea na mtu nyuma yake. Baiskeli ya mbebaji ni mnyama wa aina yake. Keria yake ni ya nondo, imefungwa kwa waya na kukazwa upya kila msimu. Ndani ya tairi wanatandika mkanda wa tairi kuukuu ili miiba isipenye. Breki za raba haziwafai, zinaisha kwenye kona ya kwanza, kwa hiyo wanafunga breki kwa mguu: katambuga, kile kiatu cha tairi, kinagandamizwa kwenye gurudumu la nyuma mpaka moshi utoke. Mimi nilikuwa nawajua kwa harufu kabla hawajafika. Nikisikia raba inaungua namwambia mjomba weka maji kwenye karai.

Masanja alikuja mjomba akiwa ameshazeeka. Alikuwa anatengeneza baiskeli za walinzi kwenye mashamba ya miwa, akachoka na nzi, akafungua kibanda ng'ambo yetu. Maneno yake ya kwanza kwangu, hajasalimia bado, alisema, "Waluguru mmeishiwa wanaume?"

Nikamjibu, "Na nyie mliotembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka Pwani, baiskeli mlizionea wapi?"

Basi tukawa marafiki. Yeye hana mpinzani kwenye kunyoosha ringi. Mimi kazi yangu ni gololi na grisi, mambo ya ndani. Pampu nzuri tulikuwa nayo moja, inavuka barabara kutwa nzima.

Sasa Shomari. Alikuwa mbebaji wa ndizi kutoka Kinole, mpole, mwenye miguu kama nguzo, na alipomuoa Hadija akawa wa nyumbani. Mjini wakaanzisha mashindano ya baiskeli: kuondoka Msamvu, kwenda mpaka Kingolwira, kugeuza, kuja Bigwa, kupanda kilima, kuteremkia Kiroka, halafu kurudi njia hiyo hiyo kumalizia mjini. Shomari akasema hiyo ni njia yake, hao wengine watakuwa wageni.

Mwaka wa kwanza alifika Msamvu na mkungu wa ndizi kwenye keria. Hakufanya mzaha. Maisha yake yote kilima alikuwa anakishuka na mzigo, na kukipanda alikuwa anasukuma. Baiskeli tupu hajawahi kuikimbiza. Waandaaji wakamwambia ashushe ndizi, akawauliza, baiskeli isiyo na uzito itatulia vipi, itaruka kama mbuzi. Wakacheka. Ndizi akaniachia mimi, niliyekwenda na Masanja kumtazama, akaondoka. Hakufika mbali. Kwenye tuta la kwanza gurudumu la nyuma likaruka kweli kama mbuzi, mnyororo ukachomoka, ukajikaba kati ya gia na spoku, spoku zikakatika kama njiti za kiberiti. Akarudi anaikokota, akaomba ndizi zake. Masanja alikuwa amekwisha kula za juu. Ni haki ya mtani, na Shomari hakuweza kusema kitu.

Mwaka wa pili hakuleta mzigo, ila mkanda wa ndani ya tairi hakuutoa. Huo mkanda ukienda polepole na mzigo unakulinda. Ukikimbia, ncha yake inasugua tyubu mpaka inaila. Tyubu ilipasuka karibu na stesheni ya Kingolwira, imekatwa na kitu kilichowekwa kuilinda. Mwaka wa tatu waandaaji walitaka kila mtu avae viatu vya kufunika vidole. Shomari akaazima viatu vya kamba, na kwenye kona ya kilima akaweka mguu kwenye gurudumu alivyozoea. Soli ikayeyuka. Tulimtoa kwenye mtaro, mzima, kiatu kimoja kikiwa kimegandana na tairi. Mwenye viatu, jirani yake Ramadhani, alivikataa.

Hapo sokoni wakampa jina: Shomari Nusu. Akishusha ndizi tu, wachuuzi wanaitana, Nusu kafika. Mwenyewe alikuwa anacheka nao. Mashindano mengine yalipita hakwenda, akasema miguu inapumzika.

Kilichobadilisha mambo ni binti yake, Mwanahamisi. Alichumbiwa na kijana wa Gairo, watu wa mahindi na karanga, na wakwe walitoa taarifa kwamba watakuja kumaliza mazungumzo wiki ile ile baada ya mashindano. Shomari akaja kibandani kwangu. Akakaa kwenye dumu. Akashika shika pampu ambayo hakuwa na shida nayo.

"Shemeji," akasema, "wakwe wakifika sokoni kuniulizia, wataambiwa Nusu anakaa pale. Watauliza nusu ya nini."

Nilivuka barabara nikamwita Masanja.

Tuliifanyia kazi baiskeli ile kama ya bibi harusi mwenyewe. Masanja alizivua ringi zote mbili akazifunga upya spoku moja moja. Mimi nilifungua vitovu vya magurudumu na pedali, nikaosha gololi kwa mafuta ya taa, nikatupa zilizoliwa, nikapaka grisi mpya. Tairi jipya, bila mkanda. Viatu, tulikwenda kuomba kwa waandaaji, na Elia akakubali katambuga zenye kufunika vidole, kwa hiyo tukamtafuta fundi viatu Issa akazishonea ngozi mbele. Kilichobaki ni keria. Masanja alisema itolewe, ule ni uzito wa bure, hakuna mshindani duniani anayekimbia na keria ya nondo.

"Siitoi," Shomari akasema.

"Unataka kubeba nini? Aibu?"

"Nikigeuka nyuma nisipoiona nitadhani nimeibiwa baiskeli."

Walibishana mpaka Hadija akaleta chai. Keria ikabaki.

Halafu siku ya mwisho Shomari akapita mjini, akanunua gia mpya ya nyuma, inang'aa, muuzaji kamwambia ni ya mashindano. Akaifunga mwenyewe. Nilimwambia kitu kipya hakipelekwi kwenye mashindano, kinapelekwa kwanza kwenye ndizi, kizoee. Akasema shemeji, ona inavyong'aa. Kazini nimekutana na vingi vilivyong'aa, na vingi niliviona tena vikirudi ndani ya mfuko wa plastiki.

Mashindano yakaanza. Kingolwira alikwenda na akarudi, nyuma lakini anakuja. Alipita Bigwa sisi tumesimama kibandani, mgongo umenyooka, keria inalia. Akapanda kilima. Deo akatubeba mimi na Hadija, Masanja akatufuata na baiskeli yake, tukakaa upande wa pili wa kilima, juu kidogo ya Kiroka, tumuone akigeuza. Tukamuona akija. Vijana wenye baiskeli nyepesi walikuwa wamekwisha kupita zamani. Akatukaribia, akaanza kukivuta kilima cha kurudia, na mara miguu ikazunguka haraka haraka kama ya mtu anayeota, na baiskeli imesimama.

Akashuka. Akajaribu tena. Pedali zinakwenda, mnyororo unakwenda, gurudumu limelala.

Elia akafika na pikipiki, filimbi shingoni. Akanisalimia kwanza, shikamoo bibi, halafu akasema tusiguse baiskeli, ikiguswa, au Shomari akiguswa au akipewa kitu na mtu wa nje, ametoka mashindanoni. Na akasema baiskeli lazima imalize ikiendeshwa, siyo ikisukumwa, na imalize na vyote ilivyoanza navyo. Nyuma yake lilikuwa linakuja lori la kubeba walioshindwa.

"Marahaba," nikasema. "Sijagusa. Kuongea naruhusiwa?"

Akafikiri. Ni kijana mzuri yule. Akasema kuongea sheria haikutaja.

Nikamwambia Shomari ainue gurudumu la nyuma, azungushe pedali kinyumenyume taratibu, na watu wote wanyamaze. Nikafumba macho. Gia iliyo nzima inatakiwa ilie tik tik tik ikirudi nyuma, vile vijiti vidogo vya ndani vinavyoshika meno. Hii haikulia kitu. Ilikuwa kimya kama mtu aliyekufa kinywa wazi. Vijiti vilikuwa vimevunjika vyote. Ile gia ya kung'aa ilikuwa sahani tu.

Dawa yake alinionyesha mjomba, kwa baiskeli ya mbebaji mmoja aliyekwama Mkuyuni. Unaifunga gia kwenye spoku kwa waya, zinakuwa kitu kimoja. Mnyororo ukivuta gia, gia inavuta gurudumu. Nikamueleza. Shomari akanitazama.

"Waya sina, shemeji."

Na mfuko wa Masanja ulikuwa umejaa waya, uko hapo kwenye usukani wake, na sheria imekaa katikati. Hadija akaanza kulia chini chini. Lori likafika, dereva akatoa kichwa, akamwambia Shomari apande, wenzake wameshakaa vizuri.

Masanja akamsogelea, lakini mikono ameiweka nyuma ili Elia aione.

"Nusu," akamwambia. "Hata wakwe wakija leo wataoa nusu binti. Geuka nyuma uangalie kama hujaibiwa baiskeli."

Hadija akamgombeza, akasema utani una mahali pake. Shomari alikuwa amekwisha kugeuka. Akaitazama keria. Ile keria aliyoifunga mwenyewe, msimu baada ya msimu, nondo juu ya nondo, na katika kila kiungo waya umezungushwa juu ya waya.

Akamwambia dereva, "Pita, ndugu. Tutakutana mbele."

Akachuchumaa, akaanza kuufungua. Alikuwa na spana ndogo moja, mengine alifanya kwa vidole, na mwisho kwa meno. Mimi nilikuwa nasema tu. Pitisha kati ya meno ya gia, zungusha kwenye spoku, kaza. Sasa vuka upande wa pili, usifunge upande mmoja, itakaa pogo na kutupa mnyororo. Fanya kama unashona kiatu. Vuka tena. Elia aliinama kutazama mpaka filimbi ikamgusa Shomari begani, akaiondoa haraka, akasema hiyo haihesabiki.

Gia ikakaza. Keria ikaanguka chini, haina tena kilichoishika.

Tukaitazama wote. Elia akasema kwa huruma kwamba imalize na vyote. Shomari akafungua ule mpira wa tyubu anaofungia mizigo, maana mbebaji hatoki bila huo, akajifunga keria mgongoni kama mtu anayembeba mtoto. Akapanda.

Nikampigia kelele, ya mwisho. "Shemeji, kuanzia sasa pedali hazisimami. Ukiteremka inua miguu, breki ni katambuga."

Sikujua kama amesikia. Alikivuta kilima, tukamfuata nyuma kwa mbali kama msiba. Alipovuka juu akatupotea. Deo akasema bibi, tumkimbilie? Nikamwambia ngoja. Nikavuta hewa. Upepo ulikuwa unapanda kutoka Bigwa, na ndani yake ikaja harufu ya raba inaungua. Nikamwambia Hadija ajifute machozi, mume wake anafunga breki.

Mjini, tulipowahi na bodaboda ya Deo, walikuwa wameanza kukunja vitambaa. Spika imeshapakiwa kwenye gari, muuza mihogo amehamishia jiko lake kwenye mstari wenyewe wa kumalizia. Akaja Shomari, keria mgongoni, magoti yanapanda na kushuka bila ruhusa yake kwa sababu pedali hazimsubiri. Muuza mihogo, Mama Anna, akaondoa jiko kwa mikono mitupu. Elia akapiga filimbi, peke yake, ndefu. Nilimwona Shomari akitaka kusimama na baiskeli inakataa, ikampitisha mstari na kumpeleka mpaka kwenye gari la spika. Hapo ndipo aliposhuka.

Wakwe walikuja kutoka Gairo. Shomari alimwomba kila mtu anyamaze kuhusu mambo ya majina, akamwomba mpaka Ramadhani wa viatu. Alimsahau Masanja, au alijua haiwezekani. Tulipokaa, Masanja akasimama kama mtani wa upande wa binti, akaeleza yote: mkungu Msamvu, mkanda, viatu vilivyoyeyuka, jina la sokoni, lori, waya, meno. Shomari alikuwa anatazama mkeka. Hadija alikuwa anamtazama Masanja kwa macho ambayo sitayaandika.

Mjomba wa bwana harusi, Mzee Senyagwa, alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na hiyo ilitutisha. Akauliza, "Hiyo keria iko wapi?"

Shomari akaonyesha nje. Alikuwa amekwisha kuirudisha mahali pake kwa waya mpya. Mzee Senyagwa akainuka na fimbo yake, akatoka, tukamwona mlangoni ameishika keria kwa mikono miwili, anaitikisa, anaisukuma huku na huku, anaikalia kidogo kwa tako moja. Akarudi, akakaa, akapanga kanzu yake.

"Imefungwa vizuri," akasema. "Tuendelee."

Mwanahamisi sasa yuko Gairo, ana watoto. Ile gia ya kung'aa mtaiona imetundikwa kwenye msumari kibandani, juu ya karai, na spana nimempa binti yangu Rehema kama inavyotakiwa. Sokoni hawasemi tena Nusu. Wanasema Keria, na yeye anaitika.

Nimeyaandika ninavyoyakumbuka, na majina najua nimeyapata sawasawa. Kitu kimoja tu Masanja ananipinga, na tumebishana mpaka chai imepoa mara nyingi. Mimi nasema siku ile Shomari alikuwa wa mwisho kabisa. Yeye anasema hapana, kuna mtu mmoja alikuwa nyuma yake bado njiani, mwenye shati la njano. Mimi sikumwona, lakini macho yangu yalikuwa kwa shemeji yangu. Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: kama ni wewe, au unamjua, njoo Bigwa unisahihishe. Nitakutengea kiti, na baiskeli yako nitaisikiliza.